Majuni ya Bi Mardhiya na Kicheko cha Bwana Soko

Mwaka 1966 Bwana Soko wa Bagamoyo alikuwa Msabaha, na hakuna muuza samaki wala muuza nazi aliyewahi kuyaona meno yake yote. Si kwamba alikuwa mkali. Alikuwa mpole, tena mwenye haki, lakini uso wake ulitulia muda wote kama maji ya mtungini. Kila asubuhi alipita sokoni na kanzu yake iliyopigwa pasi, akakagua pishi za wauza mpunga kuona kama hazikubonyezwa chini, akakata risiti za ushuru, akaamkiwa, akaitikia, akapita. Wauza maandazi walishindana nani atamchekesha. Mmoja aliwahi kumwigiza Bwana Shamba akikimbizwa na nyuki, soko zima likalala chini kwa kicheko. Msabaha alitazama mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na alipona?"

Mkewe wa kwanza, mtu wa Pangani, alimwomba talaka kwa amani kabisa. Alisema hana kosa la kumtaja, ila nyumba ile ni kimya kama ofisi siku ya sikukuu. Msabaha akaona mwenzake ana hoja, akampa.

Mtu huyu ndiye ambaye Halmashauri ya Wilaya ilimpa kazi ya kuonja majuni ya mji mzima.

Mambo yalianzia Kerege, kwenye karamu ya harusi. Majuni, kwa asiyeyajua, ni utamu wa kizee wa pwani: asali, samli na viungo vinavyopikwa mpaka viwe vizito, kisha hukatwa vipande. Hupewa mzazi aliyejifungua apate joto, mzee mwenye baridi yabisi, na maharusi. Hayo ndiyo majuni ya heshima. Lakini yapo mengine yenye jina hilo hilo na sura hiyo hiyo, ambayo mpishi huyatia bangi, na kwa macho huwezi kuyatofautisha.

Watu wa Kerege walinunua ya aina hii ya pili bila kujua, kutoka kwa mchuuzi mmoja aitwaye Dadi, aliyezunguka na kopo lake kwenye vituo vya mabasi kuanzia Chalinze hadi Msata. Sinia likapita, watu wakala, watu wakasifu. Haukupita muda, baba wa bibi harusi akasimama kuwashukuru wageni na badala yake akaishukuru mvua, na jua linawaka. Kungwi alicheka mpaka ikabidi apepewe kwa kanga. Mjomba wa bwana harusi, mtu wa heshima zake, alitoka barabarani ambako magunia ya mkaa yalikuwa yamepangwa yakingoja wanunuzi, akaanza kuyaamkia moja moja. "Shikamoo," akaliambia la kwanza. "Shikamoo," akaliambia la pili. Alipofika la tatu akakasirika. "Mkubwa mzima wewe, hata marahaba huwezi kuitikia?"

Kwa bahati hakuna aliyedhurika. Lakini miongoni mwa wageni alikuwamo Mzee Mwishehe, mwenyekiti wa Halmashauri, naye alikula vipande viwili. Walimkuta jikoni ameishika sufuria ya pilau kwa mikono miwili, akiiomba radhi kwa yote yaliyopita baina yao. Mwenyewe alikana mpaka mwisho. Ila Jumatatu aliingia ofisini na haraka ambayo watumishi hawakuwahi kuiona kwake, akataka madiwani waitwe watunge sheria ndogo ya majuni.

Kikao hicho kilikuwa kirefu. Bi Mwanvita, diwani wa pekee mwanamke, ndiye aliyeuliza kwanza.

"Mwenyekiti, bangi imekatazwa na sheria ya nchi tangu enzi za Mwingereza. Sisi Halmashauri tutakataza nini tena?"

"Bangi hatuikatazi sisi, bibi yangu. Hiyo ni kazi ya polisi," alijibu Mzee Mwishehe. "Sisi tunataka kujua majuni ni nini, nani anayapika, na anayauzia wapi."

Wengine wakataka majuni yote yapigwe marufuku, ya heshima na yasiyo ya heshima. Bi Mwanvita akawauliza kama wao ndio watakaokwenda kuwakanda wazazi wenye baridi ya uzazi. Mwishowe wakakubaliana: hakuna kuchuuza majuni njiani wala kwenye vituo vya mabasi, kila mpishi awe na mahali pake panapojulikana, apate leseni ya Halmashauri na kadi yake ikae juu ya sinia mnunuzi aione. Na kabla ya leseni, majuni yake yapimwe.

"Yapimwe na nani?" akauliza mtu.

Bwana Afya alipendekeza kila kipande kipelekwe kwa mkemia Dar es Salaam. Wakamwambia majibu yatakaporudi majuni yatakuwa yameota ukungu na mpishi ameshaolewa tena. Ndipo Mzee Mwishehe alipomgeukia Msabaha, aliyekuwa ameketi pembeni kama kawaida yake, amenyooka kama mlingoti.

"Huyu hapa," akasema. "Mtu huyu hajacheka tangu tumfahamu. Akionja majuni akacheka, hiyo ni bangi. Kipimo gani kitashinda hicho?"

Madiwani wakapiga meza kwa furaha. Wakaandika kwamba Bwana Soko ataonja, na atakaa mbele ya mpishi akiangaliwa kwa muda wa kutosha. Wakabishana muda wa kutosha ni upi, mpaka wakaafikiana kuwa ni mpaka dele la kahawa lipoe.

Msabaha aliipokea kazi hiyo kama alivyopokea kazi zote. Kwanza alikwenda Msata na askari polisi kumtafuta Dadi. Hawakupata taabu. Siku hiyo Dadi alikuwa ameila bidhaa yake mwenyewe, na alipomwona askari anashuka kwenye basi alimkimbilia kwa mapenzi, akamkabidhi kopo.

"Afande, nishikie hili kidogo," akamnong'oneza. "Nasikia polisi wanakuja."

Abiria walicheka mpaka dereva akazima injini. Msabaha aliandika jina la mtuhumiwa, akamrekebishia kofia isidondoke, wakaondoka naye.

Baada ya hapo akaanza kuzunguka kwa wapishi wa mjini. Wa kwanza majuni yake yalikuwa na chumvi. Akala, akakaa, dele likapoa, uso wake haukubadilika, akampa leseni. Wa pili yalikwama menoni. Akakaa vivyo hivyo, akampa leseni. Mji ukaona kipimo kinafanya kazi.

Wa tatu alikuwa Bi Mardhiya.

Bi Mardhiya alikuwa mjane wa mfanyabiashara wa nguo, eda yake imekwisha zamani, akiishi na shangazi yake, Bi Mize, katika nyumba ya mawe yenye baraza pana huko mji mkongwe. Majuni yake ndiyo yaliyosifiwa kuliko yote. Ulimi wake nao ulisifiwa, ingawa si na kila mtu.

Msabaha alibisha hodi alasiri, akakaribishwa barazani. Bi Mize aliketi karibu na mlango akichambua mchele, maana mwanamke hakai na mwanamume wa watu peke yake.

"Kwa mujibu wa sheria ndogo ya majuni," akaanza Msabaha, "natakiwa nikuulize ndani mna nini."

"Mna asali, samli, tangawizi, iliki, mdalasini, habasoda na kungumanga," akajibu Bi Mardhiya. "Na subira. Ukikoroga kwa pupa yanashika chini."

"Kungumanga nayo inasemwa hulevya."

"Basi kaifunge na halwa yote ya Bagamoyo, kisha uje kwangu."

Msabaha akafikiri, akaona hilo halimo katika maagizo yake. Akachukua kipande, akala. Kilikuwa kizuri mno, lakini hilo nalo halikumhusu. Bi Mize akaleta dele la kahawa, Bi Mardhiya akalipokea akaliweka nyuma yake, Msabaha akaweka mikono magotini, akatulia.

"Sasa mimi nifanye nini?" akauliza Bi Mardhiya.

"Uniangalie. Ni sharti muuzaji ashuhudie."

"Nikuangalie usoni au popote?"

Msabaha akasita. "Sheria ndogo haikufafanua."

"Basi nitaanzia miguuni nipande polepole, dalili isije ikanipita." Akainamisha macho, akatazama, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa, "Bwana Soko, dalili ya kwanza hii hapa. Makubazi yako yamegombana."

Msabaha akatazama chini. Mguu mmoja ulivaa kubazi lake jeusi. Mwingine ulivaa kubazi la kahawia, la mtu mwingine kabisa, lenye kidole kilichochongoka mbele kama mashua.

"Nimebadilisha msikitini bila kujua," akasema. "Ni kabla sijala majuni."

"Alaa! Kumbe ulikwenda kulewa msikitini, ukaja kupimwa kwangu?"

Kitu kikamsogea Msabaha mahali fulani chini ya mbavu. Akakaza midomo. Akamfikiria mtu wa watu anayetembea mjini wakati ule ule, na yeye mguu mmoja mweusi, mmoja wa kahawia, akitafuta. Akafanya kosa la kuinua macho, akakutana na macho ya Bi Mardhiya, ambaye alikuwa ameuma ncha ya kanga asicheke.

Kicheko kikamtoka. Kilianza kama chafya, kikawa kama mlango wenye kutu unaofunguka, kisha kikafunguka kweli. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Alijaribu kuomba radhi, akacheka katikati ya radhi. Na kilipokuwa kinaanza kumwachia, Bi Mize akalishika dele na kuliachia haraka.

"Mardhiya! Dele hili nimekuta umeliweka juu ya makaa. Litapoa lini, mwanangu?"

"Nimepitiwa, shangazi," akasema Bi Mardhiya, na uso ukamwiva.

Hapo Msabaha akalala ubavu barazani, machozi yanamtoka. Majirani walitoka, wapita njia wakasimama. Watu waliwaita wenzao kama wanaoita kutazama kupatwa kwa mwezi. Bahati mbaya mmoja wa waliosimama alikuwa Bwana Afya. Alimtazama Bwana Soko, akalitazama sinia, akalichukua lote.

Kabla ya magharibi mji mzima ulijua kuwa Bi Mardhiya anatia bangi.

Kesho yake Mzee Mwishehe alimwita Msabaha ofisini.

"Majuni yale yana nini?"

"Hayana kitu, mzee. Ni safi."

"Na ulicheka?"

"Nilicheka."

"Kisa?"

"Viatu, mzee."

Mzee Mwishehe alimtazama kwa huruma, kama mgonjwa ambaye homa haijamwachia. Nani angeamini kwamba mtu aliyeutazama mkasa wa Bwana Shamba na nyuki bila kutikisika ameangushwa na kubazi? Na lile jingine, lile la macho na kanga na dele juu ya makaa, Msabaha hakuweza kulitamka ofisini. Hata kwake mwenyewe alikuwa hajalitamka vizuri. Ajabu ni kwamba, pamoja na aibu yote, alipotembea njiani alijikuta anaona mambo ya kuchekesha kila mahali: mbuzi aliyesimama juu ya mbuzi mwenzake, karani anayetafuta kalamu iliyo sikioni mwake. Alihisi mwepesi, kama mtu aliyetuliwa gunia. Na hapo hapo akakumbuka kwamba mwanamke wa watu anaweza kupelekwa polisi kwa ajili yake.

Bi Mardhiya alikuwa amefunga biashara. Alimtuma Bi Mize sokoni na maneno machache. "Mwambie aliyecheka aseme kilichomchekesha. Mimi sikumtia kitu kinywani asichokiomba."

Halmashauri ikakaa. Sinia liliwekwa katikati ya meza, limefunikwa kwa kawa. Mzee Mwishehe akatangaza kuwa kwa kuwa kipimo cha kwanza kimeleta utata, madiwani wenyewe wataonja. Alilisema hilo kwa uzito, lakini mkono wake ulikuwa wa kwanza kufunua kawa. Wakala. Wakaonja tena ili kuwa na hakika. Dele likaletwa, wakakaa kimya kungoja kulewa.

Sijapata kusikia juu ya kimya kama kile. Watu wazima wameketi, kila mmoja anajisikiliza ndani, kila mmoja anamchungulia mwenzake. Diwani mmoja wa upande wa bara akanyoosha kidole juu.

"Mimi imenishika," akasema kwa sauti ya chini. "Dari linatembea."

Wote wakatazama juu.

"Huyo ni mjusi," akasema Bi Mwanvita.

Dele likapoa. Hakuna aliyeamkia gunia, hakuna aliyeiomba radhi sufuria. Mzee Mwishehe akajikuna kidevu. "Labda sisi inatuchelewa. Tu watu wa makamo."

Bi Mwanvita alikuwa muda wote anamtazama Msabaha, aliyesimama karibu na dirisha bila hata chembe ya majuni mdomoni. Akainama, akatazama sinia ambalo sasa lilikuwa tupu, akauliza, "Bwana Soko amekula leo?"

"Hajala," wakajibu.

"Mna hakika?"

"Hata maji hajanywa hapa."

"Basi mwiteni mwenye majuni aingie."

Bi Mardhiya aliingia na shangazi yake, buibui lake limefungwa barabara, uso umekunjwa kwa hasira za wiki nzima. Akawaamkia wakubwa mmoja mmoja kama inavyopasa. Alipofika kwa Msabaha, hakumsalimu. Alisimama tu, na bila kutaka, kwa mazoea tu ya macho, akatazama chini kuhakikisha kama leo makubazi yanaelewana.

Yalikuwa yanaelewana. Lakini Msabaha alimwona alivyotazama.

Midomo yake ikacheza. Akageukia dirishani. Mabega yakaanza kutikisika, kisha mgongo, na kile kicheko cha mlango wenye kutu kikajaa ofisi ya Halmashauri. Bi Mardhiya alijikaza kidogo, hasira zikamponyoka, naye akashikwa. Walicheka wakiwa huku na kule chumbani, hakuna aliyesema neno.

"Hajala kitu!" akapiga ukelele diwani wa mjusi. "Wallahi hajala kitu!"

Bi Mwanvita akasimama. "Mwenyekiti, hii si bangi. Ugonjwa huu tunaujua, na leseni yake haitolewi hapa. Inatolewa kwa kadhi."

Kikao kilivunjika chenyewe. Madiwani walipigana mabega, Bwana Afya alicheka mpaka akakaa juu ya kawa, na Mzee Mwishehe aliyajaribu maneno "utaratibu, jamani, utaratibu" mara kadhaa, kisha akaacha. Bi Mardhiya alipopata pumzi akafuta macho, akataka arudishiwe sinia lake na majuni yake.

Wakatazamana. "Ushahidi," akasema Mzee Mwishehe taratibu, "umeliwa."

"Basi nipeni leseni yangu sasa hivi," akasema Bi Mardhiya, "kabla hamjanifuata na kopo lililobaki nyumbani."

Wakampa pale pale, na wino haujakauka.

Posa ilipelekwa kwa adabu zake zote, na kiongozi wa washenga hakuwa mwingine ila Mzee Mwishehe. Bi Mize aliwakalisha, akawapa kahawa, akawaambia mwenyewe amekubali, ila ameuliza swali moja. Je, mume anaweza kumpima mkewe? Maana kesho watasema Bwana Soko anapitisha sinia la nyumbani kwake.

Washenga walikuwa hawajalifikiria. Ikabidi Halmashauri ikae tena, safari hii bila ugomvi, ikaongeza mstari katika sheria ndogo: mkaguzi hatapima bidhaa ya mke, ndugu wala jirani wa ukuta mmoja. Majuni ya Bi Mardhiya yakawa ya kupimwa na Bi Mwanvita, ambaye aliipenda kazi hiyo na kuifanya mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Harusi ilikuwa mchana, kwenye baraza ile ile, na wageni walikula bila hofu. Baadaye biashara ilikua kwa namna ambayo hata sheria haikuitazamia. Vijana walikuja toka Dar es Salaam, wakajongea mlangoni wakanong'ona, "Mama, tupe yale ya Bwana Soko." Bi Mardhiya aliwaonyesha kadi ya Halmashauri, akawaambia hayana kitu, wao wakakonyezana, wakala vipande vingi wakingoja kucheka. Walichopata ni joto la tangawizi na kiu. Wengi walirudi hata hivyo, maana yalikuwa matamu. Halmashauri ilimtaka atundike ubao ulioandikwa kwamba majuni haya hayana bangi. Akakataa. Alisema mtu aliyekuja akiwaza asali atasoma ubao na kuanza kuwaza bangi, na Bi Mwanvita akamuunga mkono.

Waliishi hivyo mpaka mwaka 1972, serikali ilipozivunja halmashauri za wilaya na kazi zikapangwa upya. Msabaha akahamishiwa Chalinze. Siku ya kuhama walikodi lori. Bi Mardhiya alipanda mbele kwa dereva na kila walipokaribia shimo alimgonga bega. "Polepole, baba, nyuma kuna mtungi wa asali." Nyuma, katikati ya masufuria na vitanda, alikaa Msabaha na binti yao mdogo, Mina, mapajani na debe la samli kati ya magoti, vumbi limemfanya mwekundu mpaka kope. Walipofika Msata lori likasimama kunywesha injini maji. Wachuuzi wa ndizi wakalizunguka. Bi Mardhiya akateremka, akatazama mabasi yanayoelekea Segera na abiria waliochungulia madirishani kwa njaa, akakunja mikono ya gauni lake.

"Baba Mina," akaita kuelekea nyuma ya lori, "huko Chalinze leseni inaombwa kwa nani?"